Thredi Ipi Imegusa Anwani Hii?

Maswali na majibu ya kompyuta

Barua za safari hii, za Unguja na za Pemba, karibu zote zinazunguka jambo moja: programu ina thredi kadhaa, yaani njia kadhaa za kazi zinazokwenda kwa pamoja ndani ya programu moja, na hitilafu haionekani mpaka njia hizo zikutane. Tumechagua sita. Maneno mawili yatajirudia. "Kitatuzi" ni programu ya kusakia hitilafu, kama GDB. "Mtego" ni anwani ya kumbukumbu tunayoiwekea ulinzi. Ikiguswa tu, prosesa inasimama na kitatuzi kinatwambia nani kaigusa.

Jumla ya pishi haitimii

*Assalamu alaykum. Nimeandika programu ya C ya kuhesabu pishi za karafuu kambini. Thredi nne zinasoma faili nne za wachumaji na zote zinaongeza kigezo kimoja, `jumla`. Siku nyengine hesabu iko sawa, siku nyengine inapungua. Nimefungua GDB nikaandika `info threads`, nikapata orodha tu. Nitamjuaje anayeharibu? Msomaji, Chake Chake.*

Waalaykumu salaam, ndugu yetu. Orodha ile inakuonyesha kila thredi imesimama wapi pale ulipoizuia programu. Ilikopita kabla ya hapo haionyeshi, na hitilafu yako imo huko ilikopita. `jumla++` kwa macho ni jambo moja, lakini kwa prosesa ni hatua tatu: kusoma thamani kwenye kumbukumbu, kuongeza moja, kuandika. Thredi ya kwanza ikisoma 500, na ya pili nayo ikasoma 500 kabla ya mwenzake kuandika, zote mbili zitaandika 501. Pishi moja imekwenda na maji, na wala hakuna thredi uliyoweza kuilaumu: zote zinafanya kosa hilohilo.

Kwa hivyo unahitaji michoro miwili: mmoja wa nani alikuwa kazini wakati gani, na mmoja wa nani aligusa `jumla` kwa mpangilio upi.

Kwanza matayarisho. Kompaili, yaani geuza msimbo kuwa programu, kwa `-g -O0 -pthread`. Ukitumia `-O2`, yaani ukiiomba kompaila iiharakishe programu, ikiona inafaa itaiweka `jumla` kwenye rejista, nafasi ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe, na kuiandika mara moja tu mwisho wa tanzi. Hitilafu itajificha nawe utadhani umepona. Kisha zipe thredi majina kwa `pthread_setname_np`. Jina lisizidi herufi 15, kwani nafasi ya 16 ni ya alama ya kumalizia. Likizidi, amri hiyo inarudisha kosa na jina la zamani linabaki, na watu wengi hawaliangalii kosa hilo.

Mchoro wa kwanza unatoka kwa kerneli ya Linux yenyewe, ile sehemu ya mfumo inayozigawia thredi zamu:

`sudo trace-cmd record -e sched_switch -e sched_wakeup ./pishi`
`kernelshark trace.dat`

KernelShark itakuchorea mstari mmoja kwa kila kiini cha prosesa, na rangi kwa kila thredi. Ongeza mistari ya thredi zako kutoka menyu ya michoro. Halafu soma tukio la `sched_switch` na herufi iliyo kwenye `prev_state`. R maana yake thredi ilikuwa bado inataka kufanya kazi, ila imeondolewa kumpisha mwengine. S maana yake imelala kwa hiari, mara nyingi inangoja kufuli au data. D ni usingizi usiokatizwa, mara nyingi wa diski. Pale rangi mbili zinapokwenda sambamba kwenye viini viwili, hatari ipo. Na pale thredi inapoondolewa kwa herufi R, hatari ipo hata kama kompyuta ina kiini kimoja tu, kwa sababu inaweza kuondolewa baada ya kusoma na kabla ya kuandika. Hili la pili ndilo linalosahauliwa.

Mchoro wa pili tunautengeneza ndani ya GDB. Punguza data kwanza: rekodi 1,000 kwa kila faili zinatosha, maana kila mguso utaisimamisha programu nzima.

`set pagination off`
`set logging file nyayo.txt`
`set logging enabled on`
`awatch jumla`
`commands`
`silent`
`printf "%d %d\n", $_thread, jumla`
`continue`
`end`
`run`

Kwenye matoleo ya zamani ya GDB mstari wa tatu ni `set logging on`. Ukiusahau mstari wa kwanza, kioo kikijaa GDB itakaa ikingoja ubonyeze kitufe, na utadhani programu imekwama.

Tumetumia `awatch` badala ya `watch` kwa sababu maalumu. `watch` hutoa taarifa thamani inapobadilika tu. Ile 501 ya pili, iliyoandikwa juu ya 501 ya kwanza, haibadilishi kitu, basi `watch` itainyamazia, nayo ndiyo unayoitafuta. `awatch` inanasa kusoma na kuandika, kubadilike kusibadilike.

Chuja mistari ya namba tupu, kwani GDB huchanganya na taarifa zake za thredi mpya:

`grep -E '^[0-9]+ [0-9]+$' nyayo.txt > safi.txt`

Sasa angalia safu ya kwanza, ya namba za thredi. Kwa kuwa umekompaili kwa `-O0`, kila kuongeza ni miguso miwili: kusoma na kuandika. Programu nzima ya afya inaandika 2 2, 3 3, 3 3, 5 5. Kila mfululizo wa thredi moja una idadi shufwa. Ukikuta 2 3 2 3, au mfululizo wowote wa idadi witiri, hapo ndipo pishi ilipopotea. Usihesabu mguso wa mwisho kabisa wa thredi namba 1. Huo ni wa kuchapisha jibu. Ukitaka kuona kwa jicho, gnuplot inatosha:

`plot "safi.txt" using 0:2:1 with points palette`

Rangi zikikaa kwa vipande, salama. Zikichanganyika nukta kwa nukta, ndipo.

Dawa iko ya aina tatu: kufuli kuzunguka `jumla++`, ili thredi moja tu ipite kwa wakati, au `atomic_fetch_add`, inayoongeza kwa hatua moja isiyokatika, au kila thredi ihesabu pembeni na kuunganisha mara moja mwishoni. Sisi tunaipendelea ya tatu, kwa sharti utakaloliona kwenye barua inayofuata.

Thredi nne, mwendo wa kobe

*Nimeipa kila thredi hesabu yake kwenye safu ya `long` nne. Jibu ni sahihi, lakini programu inakwenda polepole kuliko ikiwa na thredi moja. Kwenye KernelShark zote nne zinafanya kazi bila ya kupumzika. Msomaji, Wete.*

Dada yetu, mchoro wako haudanganyi, ila haujui yote. Kerneli ikiona thredi imo juu ya kiini huichora kuwa inafanya kazi. Kama kiini chenyewe kimekaa kinangoja kumbukumbu, kerneli haina habari.

Ndani ya GDB andika `p &hesabu[0]` mpaka `p &hesabu[3]`. Tuseme umepata 0x555555558040, kisha zinazoishia 48, 50 na 58. Prosesa za x86 hazichukui baiti moja moja kutoka kumbukumbu. Huchukua kipande cha baiti 64 na kukiweka kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini. Mipaka ya vipande ni rahisi kuijua kwa macho: tarakimu mbili za mwisho za anwani zikiwa 00 hadi 3f ni kipande kimoja, 40 hadi 7f kimoja, 80 hadi bf kimoja, c0 hadi ff kimoja. Hesabu zako nne, baiti 32 kwa jumla, zote zimo kwenye kipande kimoja. Kiini kinachotaka kuandika lazima kikimiliki kipande peke yake, basi kinamnyang'anya mwenzake. Hakuna anayegusa namba ya mwengine, lakini sinia ni moja na kila anayetaka kuchota analivutia kwake.

Kuthibitisha, tumia `perf c2c record ./pishi` kisha `perf c2c report --stdio`. Safu ya kuangalia ni HITM: usomaji uliokuta kipande kimebadilishwa kwenye kache ya kiini chengine. Anwani yenye HITM nyingi, iliyoguswa na thredi tafauti kwa umbali tafauti ndani ya kipande hichohicho, ndiyo yenye ugonjwa. Amri hii inategemea vifaa vya kupimia vilivyomo ndani ya prosesa. Kwenye mashine pepe mara nyingi haifanyi kazi, kwa hivyo endesha kwenye kompyuta halisi.

Tiba: iweke kila hesabu ndani ya muundo wenye `_Alignas(64)`. Safu itakua kutoka baiti 32 hadi 256, na `sizeof(hesabu[0])` lazima ikupe 64. Ikikupa 8, `_Alignas` umeiweka pasipo. Kwenye prosesa za Apple za M kipande ni baiti 128. Rahisi zaidi ni kutumia kigezo cha ndani ya fanksheni na kuandika kwenye safu mara moja tu, mwishoni. Tena, kasi ipimwe kwa `-O2`. Kasi ya `-O0` haina maana, na huenda kompaila ikakuondolea tatizo hili yenyewe.

Nikiangalia, haipo

*Programu ikienda peke yake inaanguka. Ikiwa ndani ya kitatuzi haianguki kabisa. Msomaji, Mkoani.*

Kitatuzi kinabadilisha mwendo. Kila kusimama kunazipanga thredi upya, na mwanya wa sehemu ndogo sana ya sekunde unazibika. Jaribu njia mbili.

Ya kwanza ni kukompaili kwa `-fsanitize=thread -g`. Ikikuta thredi mbili zimegusa anwani moja bila ya kupangiwa zamu, na angalau moja imeandika, itachapisha mistari yote miwili ya msimbo, hata kama safari hiyo hakuna kilichoharibika. Gharama yake ni mwendo kupungua mara 5 hadi 15 na kumbukumbu kuongezeka mara 5 hadi 10. Programu ya megabaiti 500 itataka gigabaiti 2.5 hadi 5, basi kwenye laptopu ya gigabaiti 4 punguza data kabla ya kuanza.

Ya pili ni rr, programu ya kurekodi mwendo na kuurudia: `rr record --chaos ./programu`, ukirudia mpaka ianguke, kisha `rr replay`. Sasa kuanguka kumo kwenye rekodi, na kila ukicheza kunatokea palepale. Weka mtego kwenye kigezo kilichoharibika, andika `reverse-continue`, nayo itarudi nyuma mpaka kwa aliyeandika mwisho. Nayo pia hutegemea vipimo vya ndani ya prosesa.

Mtego umenigomea

*Nimeweka `watch` kwenye safu ya namba 100. Programu ikawa haisogei. Msomaji, Mwanakwerekwe.*

Soma jibu la GDB ulipoweka mtego. Ikiandika "Hardware watchpoint 2", mtego umo ndani ya prosesa na hauna gharama mpaka uguswe. Ikiandika "Watchpoint 2" tu, prosesa imeshindwa kuubeba, na GDB inaendesha programu agizo moja moja huku ikilinganisha thamani. Baya zaidi kwako ni kwamba mtego wa namna hiyo huangalia thredi moja tu. Nyengine zinaweza kuandika na usijue.

Sababu ni nafasi. Prosesa ya x86 ina rejista nne za mitego, DR0 hadi DR3, na kila moja inalinda baiti 8 kwa wingi, jumla 32. Namba 100 za `int` ni baiti 400. Chagua chumba kimoja, kile unachokuta kimeharibika, na ulinde hicho: `watch -l safu[37]`. Ukinaswa, kumbuka mshale wa GDB unakuwa umeshapita agizo lililoandika. Mkosaji ni mstari huo au ulio juu yake.

Kama hujui chumba gani, chora kumbukumbu yote kwanza kwa `valgrind --tool=lackey --trace-mem=yes`. Kila mstari ni mguso mmoja: I kuchukua agizo, L kusoma, S kuandika, M kusoma na kuandika, ikifuatiwa na anwani na idadi ya baiti. Tupa mistari ya I, chora anwani kwa kwenda juu na nambari ya mstari kwa kwenda mbele. Tanzi huonekana kama ngazi, na anayechupa nje ya safu huonekana kama nukta iliyojitenga. Jiandae kwa ukubwa: mistari milioni moja ni kama megabaiti 14, na programu ndogo tu huandika mamilioni. Lackey haitaji thredi, na Valgrind huendesha thredi moja kwa wakati, kwa hivyo mchoro huu ni wa kujua *wapi*. Ukishaijua anwani, `valgrind --tool=drd --trace-addr=` ikifuatiwa na anwani hiyo itakutajia na thredi. Chukua anwani kutoka mchoro wa Valgrind, usichukue ya GDB, kwani mpangilio wa kumbukumbu hautakuwa mmoja.

Zote zimelala

*Mfumo wa ghala unasimama katikati ya siku. Haumalizi, hautoi kosa, na prosesa iko asilimia sifuri. Mwanafunzi, Tunguu.*

Mwanafunzi wetu, usiuzime. Ukiuzima umefuta ushahidi. Uingie ukiwa hivyohivyo: `sudo gdb -p` na namba ya programu. Bila ya `sudo`, Ubuntu hukataa kitatuzi kujishika na programu ambayo hakikuianzisha.

Andika `thread apply all bt`. Tafuta thredi ambazo juu ya rundo lao la miito ya fanksheni kuna `__lll_lock_wait` au jina lenye `futex`, hizo zinangoja. Teremka mpaka fremu ya msimbo wako uone kufuli gani, kisha uliza mwenye kufuli hiyo ni nani: `p kufuli_a.__data.__owner`. Namba utakayopata ni ile LWP, yaani namba ya thredi kwa kerneli, iliyoko kwenye `info threads`.

Chukua karatasi. Duara kwa kila thredi, mraba kwa kila kufuli. Mshale kutoka thredi kwenda kufuli inayoingoja. Mshale kutoka kufuli kwenda thredi inayoishika. Mishale ikizunguka ikarudi ilikoanzia, huo ni mkwamo, na dawa ni thredi zote kuchukua kufuli kwa mpangilio mmoja: A kabla ya B, popote. Mishale isipozunguka, tazama kama LWP ya mwenye kufuli haimo tena kwenye orodha. Hapo thredi ilimaliza kazi ikaondoka na ufunguo, mara nyingi kwa `return` ya mapema kwenye njia ya kosa.

Kibao cha ESP32 kinajiwasha upya

*Ninapima joto na unyevu kwenye kaushio la karafuu kwa ESP32. Kazi moja inasoma vihisi, nyengine inatuma kwa Wi-Fi. Baada ya muda kinajiwasha upya. Nitaonaje kazi na kumbukumbu kwenye kitu kidogo hivi? Msomaji, Mbweni.*

Anza na kile kibao kilichokuachia. Katika maandishi ya kuanguka, angalia namba ya kiini, neno kama LoadProhibited au StoreProhibited, na thamani ya EXCVADDR, ambayo ni anwani iliyoguswa. Ikiwa karibu na sifuri, mfano 0x0000000c, kielekezi kilikuwa tupu na ulikuwa unaitafuta sehemu iliyo baiti 12 ndani ya muundo. Ikiwa ni namba isiyofanana na chochote, mara nyingi staki ya kazi moja, yaani kumbukumbu yake ya muda, imefurika ikaharibu ya jirani.

Kufurika kunaonekana bila ya kifaa chochote. FreeRTOS, mfumo mdogo unaoendesha kazi za kibao, hujaza staki kwa baiti a5 kabla ya kazi kuanza. Zilizobaki a5 hazijawahi kuguswa. `uxTaskGetStackHighWaterMark` inakupa kiasi hicho. Kwenye ESP-IDF, zana za kutengenezea programu za ESP32, jibu ni kwa baiti, kwenye FreeRTOS ya kawaida ni kwa maneno ya prosesa, basi usinakili hesabu ya mtu mwengine bila ya kuangalia. Likiteremka chini ya baiti mia chache, ongeza staki. Kazi yenye `printf` na Wi-Fi kwenye staki ya baiti 2048 ni ya kutiliwa shaka tangu mwanzo. Ipe 4096 upime tena.

Ukitaka kuona zaidi, unganisha JTAG, waya za kuingilia ndani ya prosesa kwa kitatuzi: pini ya GPIO 12 ni TDI, 13 TCK, 14 TMS, 15 TDO, pamoja na ardhi, kwa adapta ya volti 3.3 na waya fupi. OpenOCD, programu inayoiunganisha GDB na JTAG, hufungua mlango 3333, na `info threads` itakuorodheshea kazi za FreeRTOS kwa majina. Mitego ni miwili tu kwa kila kiini, tena ukiwasha ulinzi wa mwisho wa staki kwenye menyu ya ESP-IDF, mmoja umekwenda. Ulinzi huo hutazama baiti 32 za mwisho. Kazi inayoruka na kuandika mbali zaidi kwa mkupuo itaupita.

Ukishaunganisha waya na kibao kikakataa kuwaka kabisa, usikitupe. GPIO 12 husomwa wakati wa kuwaka ili kuchagua volti ya fleshi. Adapta ikiivuta juu, kibao kinachagua 1.8 badala ya 3.3 na fleshi haisomeki. Chomoa waya wa TDI, washa, kisha urudishe.